Kompyuta ya Rambirambi

Nchi ilikuwepo, na mpaka leo ipo, maana haijawahi kupewa ruhusa ya kwenda mahali pengine. Jina lake silitaji. Kulitaja kunahitaji kibali, kibali hutolewa baada ya mahojiano, na mimi mgongo wangu naupenda. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani mno. Ina Wizara ya Amani, ina Jeshi la Amani, ina rungu la amani lenye misumari mitatu, na kila Jumatano saa nne asubuhi raia husimama kimya barabarani dakika tano ili serikali ione walivyotulia. Wasiotulia hutulizwa.

Katika jengo la Wizara, ghorofa ya chini huhojiwa watu. Ghorofa ya juu yake kuna Idara ya Rambirambi, inayowaandikia barua ndugu za waliohojiwa. Mpango huo ulisifiwa sana na wataalamu, kwa kuwa kazi ikiisha chini inaanza juu, na jalada halina haja ya kutoka nje likalowa mvua.

Karani wa pekee wa idara hiyo alikuwa Siwema Makungu, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mpole, mwenye vidole vyepesi na masikio yaliyokwisha kuzoea. Mwaka wa kwanza alikuwa akisikia mayowe ya chini akashindwa kula. Mwaka wa tatu alikuwa akiyasikia akatazama taa, kwa sababu chini walipowasha mitambo yao ya umeme, taa za juu zilififia na kompyuta yake ikazimika kabla hajaihifadhi kazi. Hapo ndipo alipokasirika. Baadaye aliona aibu kwamba alikuwa amekasirikia barua, si mayowe, lakini aibu hiyo hakumwambia mtu.

Barua zenyewe hazikuwa na ugumu. Ukurasa mmoja na nusu, picha hakuna. Serikali imepokea kwa mshtuko mkubwa habari za kifo cha ndugu yenu fulani, ambaye alijigonga kwenye nanii. Kazi ya Siwema ilikuwa kujaza jina la fulani na kuchagua nanii: rungu, ukuta, sakafu, ngazi au risasi. Katika nchi ile watu hawakuwa wakiuawa, walikuwa wakijigonga. Chini ya barua alitia sahihi Jemadari Fikirini, mkuu wa Jeshi la Amani, na juu ya sahihi ukapigwa muhuri. Bila barua ile maiti haikuzikwa. Serikali ilitaka iwe ya kwanza kutoa pole, na mtu akizikwa kabla haijasema pole inakuwa imechelewa, na serikali haichelewi.

Kuandika kwa mkono kulikuwa marufuku. Zamani kidogo karani mmoja aliandika "poleni sana" mkono ukimtetemeka, familia ikauona mtetemo ule kwenye karatasi, ikasambaza habari kwamba kumbe hata serikali inaogopa. Karani alijigonga kwenye ngazi wiki hiyo hiyo. Toka hapo rambirambi zikawa za kompyuta tu.

* * *

Kitwana Makungu, mdogo wake Siwema, alikuwa mpiga pasi. Alikuwa na meza yake, pasi yake ya mkaa na kamba ya kuanikia karibu na kituo cha polisi, na wateja wake wakubwa walikuwa hao hao polisi. Jumamosi moja alasiri wingu lilitanda ghafla. Kitwana alikuwa amekwisha kunyoosha sare ishirini. Mtu mwenye akili angeziacha zilowe, lakini Kitwana kazi yake aliipenda, akazikumbatia zote kifuani akatimua mbio kuelekea kituoni.

Sasa, sheria ya nchi ile inasema anayekimbia ana lake jambo. Askari watatu wakamwona mtu anakimbia na sare za serikali. Kila mmoja akatoa risasi moja. Mvua ikaanza kunyesha akiwa amekwisha kulala chini, sare zikiwa zimemfunika. Sare nne zilitobolewa, na jambo hilo likaandikiwa ripoti ndefu yenye masikitiko.

Jumatatu asubuhi Siwema alikuwa kazini. Likizo ya msiba karani wa rambirambi hapewi, maana nani atamwandikia pole? Akafungua barua mpya. Alipofika kwenye jina aliandika Kitwana Makungu, na alipofika kwenye nanii aliandika risasi tatu. Vidole havikumsaliti. Machozi alikuwa ameyaacha nyumbani kwa mama yake, Bi Mwanakombo, aliyekuwa amekaa mkekani na sanda iliyokunjwa pembeni. Siwema alikuwa amebakiza maneno "wenu katika majonzi" tu pale Jemadari Fikirini alipoingia.

Jemadari alikuwa mtu wa mwili, shingo imeungana na mabega, medali zimejaa mpaka tumboni. Alifuata barua ya dereva wake, ambaye asubuhi ile alikuwa amejigonga kwenye kiatu cha Jemadari mara nyingi. Siwema akamwamkia, akabonyeza kuitafuta barua hiyo. Kompyuta ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ikaunguruma, ikafikiri, kisha kiooni yakatokea maneno mawili: Tafadhali subiri.

Jemadari akayasoma polepole, midomo ikicheza.

"Inamwambia nani?"

"Inamwambia kila mtu, Afande. Imezeeka."

Jemadari akachomoa bastola akaipiga kompyuta risasi nne. Vitufe vikaruka kama bisi. Kipande cha kioo kikamchana Siwema shavu, damu ikamwagikia mezani, na barua ya Kitwana ikafia humo ndani pamoja na nyingine zote. Moshi ulipopungua Jemadari akarudisha bastola kiunoni, akatengeneza koti.

"Andika kwamba imejigonga," akasema, akaondoka.

Lakini Siwema hakuwa na cha kuandikia.

* * *

Kamati ya Uteuzi wa Kompyuta ya Matumizi Mepesi ya Kila Siku iliundwa haraka sana, siku ya tano tangu kompyuta ipigwe risasi. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, kumi kati yao wanajeshi, akiwamo Jemadari mwenyewe. Wa kumi na moja alikuwa Katibu Sululu, mtu mwembamba aliyezijua kanuni zote kwa moyo, na inasemekana alimwoa mkewe kwa kumsomea vifungu.

Siku hizo tano hazikupita bure. Ndugu za marehemu walikusanyika getini kudai barua wazike watu wao. Jeshi la Amani likawatuliza, na jioni waliotulizwa nao wakahitaji barua. Kesho yake wakaja ndugu za hao. Lango la Wizara likawa jekundu kuanzia bawaba mpaka chini, mafundi wa rangi wakaja kupima wakasema wanaweza kuliacha hivyo hivyo. Katika chumba cha maiti watu walipangwa kama kuni, na kwa kuwa umeme ulikuwa unavutwa na mitambo ya ghorofa ya chini, barafu iliyeyuka. Kila jioni Bi Mwanakombo alimwuliza binti yake swali moja tu, kama kazini wamekwisha kuleta mashine. Hakumlaumu. Siwema alitamani amlaumu.

Na foleni ilimtisha. Barua zilitolewa kwa kufuata cheo cha marehemu, na mpiga pasi hana cheo. Kitwana alikuwa wa mia nne na kumi na mbili.

Siwema akaitwa mbele ya kamati kujaza fomu. Penye matumizi palikuwa na visanduku vitatu: mepesi, ya kati, mazito. Yeye akaweka alama kwenye mepesi, maana huo ndio uliokuwa ukweli, na tena ndilo jina la kamati. Jemadari akamkazia macho. Alitaka kujua vijana wake wanaotoka jasho huko chini, wanaovimba mikono kwa kupiga, wanaorudi nyumbani wameishiwa sauti, kazi yao ndiyo inayoitwa nyepesi? Siwema akasema nyepesi ni ya kuandika tu. Akaandikiwa viboko sita kwa kudharau jasho la wengine, vya kulipwa kesho yake saa mbili.

Kisha wakafika kwenye suala la ukubwa. Mjumbe mmoja alipendekeza kompyuta inayoweza kutunza barua laki moja. Mwenzake akaruka juu akauliza ni nani huyo anayepanga vifo laki moja, je, mheshimiwa anaituhumu serikali? Aliyependekeza akaanguka magotini akasema basi barua mia zinatosha. Hapo ndipo mjumbe wa tatu alipouliza mheshimiwa amesikia wapi kwamba Jeshi la Amani linakaribia kuacha kazi. Aliyependekeza wakamtoa kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi, na kweli safari hii alikuwa amejigonga kwenye ngazi. Kamati ikaafikiana kwamba kompyuta itunze idadi ya kutosha, bila kuitaja, na ikapiga makofi.

* * *

Wazabuni watatu waliitwa uani siku ya nane. Kanuni zilisema mzabuni ahojiwe pamoja na bidhaa yake, kwani mwenye kitu akiwa mwongo, kitu chake hakitasema kweli. Basi wakakalishwa chini wamefungwa mikono, wakachapwa fimbo tano tano za fomu ya maombi, isipokuwa mmoja aliyekuwa shemeji yake Jemadari. Yeye aliletewa kiti.

Wa kwanza alileta kompyuta ya chuma. Ilikuwa na kilo tisini na mbili, magurudumu manne, king'ora, na mahali pa kuegeshea bunduki. Wajumbe waliipenda kwa kuitazama tu. Jemadari akaipiga risasi kupima uimara. Risasi ikagonga chuma, ikarudi, ikamwingia mzabuni kwenye paji la uso, naye akalala ubavu bila kudai risiti. Katibu Sululu akaandika kwamba kifaa ni imara, mzabuni si imara.

Shemeji akaleta sanduku jembamba la rangi ya dhahabu. Ndani hamkuwa na kitu. Wajumbe wote waliona kwamba hamna kitu, Siwema aliona, na hata inzi waliokuwa wamemzunguka yule marehemu waliona. Jemadari akalipiga risasi, ikaingia huku ikatokea kule, na kompyuta ikabaki kama ilivyokuwa. Ilikuwa nyepesi kuliko zote, haikula umeme, haikupata moto, na haikumwambia mkubwa yeyote asubiri. Ikapata alama mia kwa mia.

Wa tatu alikuwa Fundi Mbaraka Cheusi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mwenye kibanda cha kutengenezea kompyuta mbele ya posta. Alileta kompyuta ndogo ya kijivu iliyowahi kutumika. Kabla ya kusema sifa zake alimgeukia Siwema, ambaye mpaka hapo hakuna aliyekumbuka kwamba ndiye mwenye kuitumia.

"Dada, unaifanyia kazi gani hasa?"

Siwema akajibu kwamba ni barua, ukurasa mmoja na nusu, picha hakuna. Fundi akauliza ni barua ngapi kwa siku. Hapo rungu likampiga mdomoni, kwa kuwa alikuwa ameulizia siri ya serikali. Akatema jino, akatema na la pili. Lakini watu wanaoipenda kazi yao hawana akili, na huyu naye alikuwa kama Kitwana. Akaendelea, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Basi hii inakutosha, dada. Betri nimeweka mpya, inakaa saa saba hata umeme ukikatika. Vitufe vyake laini, vidole havitakuuma jioni. Ukitafuta kubwa kuliko hii utakuwa unakodi lori kwenda kununua chumvi."

Siwema alitaka kulia. Kwa siku nane alikuwa amesikia habari za risasi, vyeo na idadi, na mtu wa kwanza kufikiria vidole vyake alikuwa huyu, amefungwa mikono, mdomo umepasuka. Jemadari akainua bastola kupima kifaa. Fundi alipoona mdomo wa bastola unaielekea kompyuta aliyoihangaikia wiki mbili, akajitupa juu yake kama mtu anayemfunika mtoto. Risasi ikamwingia begani ikakaa humo.

Katibu akaandika: kifaa kina kinga ya ziada, laini, inayovuja.

Fundi akaburutwa kwenda ghorofa ya chini kwa kosa la kutaka kujua serikali inafanya nini. Kamati nayo ikatoa uamuzi wa busara. Sanduku la dhahabu lilikwenda ofisini kwa Jemadari, kwa sababu matumizi yake ndiyo yaliyokuwa mepesi zaidi. Ile ya chuma ilipelekwa getini, ikawashwa king'ora, ikasukumwa kwenye mteremko kuelekea kwenye kundi la wafiwa, na ikaongeza majina saba kwenye orodha. Ile ya kijivu wakampa Siwema, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyeitaka.

* * *

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, kamati ilikusanyika ghorofani kuizindua. Siwema alikaa upande upande, maana viboko sita alikuwa amekwisha kuvipokea. Akaiwasha. Ikawaka pale pale. Chini mtu akapiga yowe, taa zikafifia, na kompyuta ikaendelea kuwaka bila kutikisika. Vitufe vilikuwa laini kama alivyoambiwa.

Katibu Sululu akamwagiza aandike barua moja ya jaribio. Hakumwambia ya nani.

Siwema alikuwa amengoja siku tisa. Alimfikiria Kitwana alivyolala kwenye saruji yenye maji ya barafu, chini ya mtu asiyemjua, na watu mia nne na kumi na mmoja mbele yake. Akamfikiria mama yake. Akaandika haraka, kabla ya ujasiri kumwisha, jina la Kitwana Makungu, risasi tatu, wenu katika majonzi. Mashine ya kuchapa ikaitema karatasi. Jemadari akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake, na muhuri ukapigwa. Siwema akaishika barua, karatasi ikiwa bado ya moto, akaona kwamba ndugu yake atazikwa leo.

Katibu akaiomba kidogo ili aingize jina daftarini. Akalisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Uso ulimwiva.

Kanuni ya kumi na saba, alieleza, inasema barua ya jaribio iandikwe kwa jina la mtu aliye hai, kwa kuwa si heshima kuwafanyia majaribio waliokufa. Na kanuni ya kumi na nane inasema barua yoyote iliyopigwa muhuri ni lazima itekelezwe, kwa kuwa serikali haiandiki uongo. Ndiyo maana kila jaribio huandaliwa mtu mapema. Safari hii mtu alikuwa tayari amekwisha kuandaliwa, Fundi Mbaraka Cheusi, na amekwisha kunyolewa. Bi Siwema alipaswa kuarifiwa kwa barua, ila barua ya kumwarifu haikuandikwa kwa kukosekana kompyuta.

Wajumbe wakatazamana. Kulingana na karatasi, Kitwana Makungu alikuwa hai tangu saa tatu na dakika kumi, na serikali ilikuwa imekwisha kutoa pole kwa kifo chake. Kosa la namna hiyo lilikuwa limemaliza kamati nzima miaka ya nyuma.

Jemadari peke yake hakuwa na wasiwasi. Asubuhi ile alikuwa na furaha, sanduku lake la dhahabu lilikuwa limefanya kazi vizuri. Akamvuta Siwema pembeni, akamwekea mkono begani, akamweleza kwa upole kwamba njia zipo mbili. Akiandika sasa hivi barua ya pili yenye jina la Fundi, hiyo ndiyo itakayohesabiwa ya jaribio, na hii ya Kitwana itatoka kama barua ya kawaida. Atamchukua ndugu yake leo, mzima kama alivyo, hakuna atakayemgusa. Asipoiandika, basi ya Kitwana ndiyo ya jaribio, na Kitwana atatekelezwa kwa mujibu wa kanuni na kikosi cha watu wanne. Fundi ataachiwa, kwa kuwa atakuwa hana kazi.

"Ni jina moja tu, Bi Siwema," akasema. "Matumizi mepesi."

Siwema akarudi kwenye kiti. Akaweka vidole kwenye vitufe. Nisikufiche, msomaji, herufi ya kwanza aliiandika. Miaka yote aliyokaa pale alikuwa hajamwua mtu, alikuwa akiandika tu baada ya wengine kumaliza, na sasa aliona jinsi ilivyo rahisi, vidole vyenyewe vilikuwa vinajua njia. Maiti ya ndugu yako si kitu cha kuchezewa. Mama yake alikuwa amengoja siku zote hizo apewe mwanawe, na amekwisha kumkosa mara moja kwa risasi. Upande wa pili alikuwapo mzee asiyemhusu ndewe wala sikio, mwenye miwani ya uzi. Lakini mzee yule alikuwa anapumua. Siwema alijua anapumua kwa sababu alikuwa anamsikia, pale chini, miguuni pake.

Akafuta herufi ile.

"Ibaki hiyo ya kwanza, Afande."

"Ndugu yako mwenyewe?"

"Ndugu yangu mwenyewe. Mjaribieni yeye."

* * *

Wakamleta Kitwana uani kwa toroli la saruji. Harufu ilitangulia. Katibu Sululu, leso puani, akamsomea mashtaka, akamwamuru akae kwenye kiti. Kitwana akaanguka. Akaamriwa mara ya pili, akaanguka tena, basi akapigwa marungu kwa kukaidi amri mpaka mkono mmoja ukageukia upande usio wake. Kisha wakamfunga kamba. Akaulizwa kama ana neno la mwisho, wakamsubiri dakika moja kama kanuni inavyotaka, na kimya chake kikaandikwa kuwa ni kiburi.

Siwema alisimamishwa pale pale na kompyuta mikononi, aandike saa. Hakufumba macho. Alihisi kwamba akifumba atakuwa amemwacha peke yake. Risasi ya kwanza ilimpata Kitwana kifuani, ya pili shingoni, ya tatu na ya nne tumboni, na kila moja ilimpata Siwema mahali pale pale. Askari mmoja akatoa taarifa kwamba mtuhumiwa hatoki damu. Akajibiwa kwamba huo ni ukaidi tu. Saa nne na robo Kitwana Makungu akatangazwa kuwa amefariki, barua ikawa ya kweli, na wajumbe wakapeana mikono. Siwema akaiweka kompyuta chini taratibu, akaenda nyuma ya ukuta akatapika mpaka pasibaki kitu.

Alipokuwa ameinama huko, mlango mdogo ukafunguliwa. Fundi Mbaraka alisukumwa nje, kichwa kimenyolewa, mkono umening'inia. Alikuwa ameambiwa kwamba ameponea kwenye dosari ya utaratibu. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Akamtambua Siwema, akasimama.

"Betri inakaa, dada?"

"Inakaa."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashika njia ya posta akiyumba.

* * *

Adhuhuri ile Kitwana alifikishwa kwao. Mjomba Shomari, kaka yake Bi Mwanakombo, aliingia na wanaume wawili kumwosha, pazia likashushwa. Wanawake walikaa upande wa pili na Bi Mwanakombo akawa anaandaa pamba. Alikuwa amechana vipande vitatu, kwa sababu barua aliyosomewa ilisema risasi tatu.

Maji yalisikika yakimwagika, kisha yakanyamaza kwa muda mrefu. Mjomba akatokeza kichwa paziani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akamwita Siwema kwa ishara. Alijaribu kunong'ona, lakini alikuwa mtu wa sauti nzito na chumba kilikuwa kimoja.

"Mwanangu, barua inasema tatu. Mimi nimehesabu matundu saba. Na haya manne hayakutoa damu."

"Manne si yake, mjomba."

"Ni ya nani?"

"Ya fundi mmoja. Amerudi kwake, yuko hai."

Siwema alingoja apigwe, na angeshukuru. Mzee hakumpiga wala hakumwuliza zaidi. Akageuza macho kwa dada yake aliyekuwa amesikia yote, na chumba kizima kikageuka naye. Bi Mwanakombo alikuwa ameinamia mapajani mwake. Mikono yake ilisimama. Kisha akalivuta bunda la pamba, akachana vipande vingine vinne, akavihesabu vyote mara mbili, akampa Siwema ampelekee mjomba wake.